Seli masti hazina mlingoti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nijibu makala ya afya mliyoichapa Jumamosi mbili zilizopita kuhusu mzio. Ukurasa ule nimeusoma tangu enzi za kukata makala kwa mkasi na kuzibandika kwenye daftari. Nikikuta kosa, kwa kawaida nanung'unika peke yangu, nafungua ukurasa wa michezo, yanaisha. Safari hii hayakuisha. Makala ile ilikuwa na kosa la kuchekesha na kosa la kuua mtu, na yote mawili yalikaa katika safu moja.

Nianze na la kuchekesha. Mwandishi wenu, akizieleza seli za kinga zinazowasha mzio, anaziita "seli za mlingoti". Mchoraji naye, ambaye simlaumu kwa sababu alichora alichoambiwa, akatuwekea kiduara chenye macho mawili ya hasira, mlingoti umesimama utosini na tanga limejaa upepo. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, kwani ndani ya mwili kuna bahari?" Nilicheka mpaka miwani ikanidondoka. Kisha nikasoma aya ya mwisho ya makala, kicheko kikakatika.

Mimi ni mteknolojia wa maabara mstaafu. Kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kupokea vipande vya nyama vilivyokatwa kwa wagonjwa, kuvizamisha katika nta, kuvikata vyembamba kuliko karatasi, kuvilaza juu ya kioo na kuvipaka rangi ili daktari avisome kwenye hadubini. Mgonjwa hakujui, na daktari anakukumbuka siku kipande kikichanika tu. Lakini ukikaa miaka hiyo yote na jicho kwenye lenzi, kuna seli unazizoea kama watu wa mtaani kwako, na hizi zilizoitwa za mlingoti nilikutana nazo mwaka wangu wa kwanza kazini.

Mwalimu wangu, mzee asiyependa maswali, alinipa kipande cha ngozi na chupa ya buluu ya toluidini. Nikapaka, nikaosha, nikachungulia. Kila kitu kilikuwa cha buluu kama nilivyotarajia, isipokuwa seli chache kandokando ya mshipa mdogo wa damu. Hizo zilikuwa za zambarau inayoelekea wekundu, zimeshindiliwa chembechembe kama gunia lililojazwa hadi mdomoni. Nikadhani nimechafua rangi. Nikaandaa kioo kingine kimyakimya. Zambarau ileile. Yule mzee, ambaye kumbe alikuwa ananitazama muda wote, akasema, "Hukukosea. Ndivyo zinavyojitambulisha."

Sababu yake niliijua baadaye. Ndani ya chembechembe zile mna heparini, dutu yenye chaji hasi nyingi mno, nayo huzibananisha molekuli za rangi mpaka buluu inabadilika mbele ya jicho. Jambo hilohilo ndilo lililomshika Paul Ehrlich alipokuwa mwanafunzi wa udaktari huko Leipzig, Ujerumani. Katika tasnifu yake ya mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka 24, alizieleza seli hizo na kuzipa jina. Alipoziona zimejaa vile, alifikiri zimelishwa kupita kiasi, akachukua neno la Kijerumani linalotumika kwa kunonesha mifugo: Mast. Seli zilizonona, basi. Kwa bahati mbaya herufi hizohizo kwa Kiingereza ni mlingoti wa jahazi, na mfasiri wenu, awe mtu au mashine, akapandia hapo.

Ehrlich mwenyewe alikosea pia. Seli hizi hazili chembechembe kutoka nje. Huzitengeneza zenyewe, na kuziweka akiba. Kwa hiyo hata jina sahihi limejengwa juu ya dhana isiyo sahihi. Lakini ndilo jina, na sisi maabara tulikuwa tukisema "seli masti", au "masti" tu tukiwa na haraka. Naomba gazeti nalo litumie hilo.

Sasa nije kwenye yaliyonitoa usingizi. Makala inasema seli hizi ni "hitilafu ya mwili", kwamba hazina kazi ila kuleta mafua, pumu na upele, na kwamba mwenye mzio ana kinga dhaifu, hivyo atafute vitu vya "kuongeza kinga". Halafu inamalizia kwa ushauri: mtu akivimba midomo na kuanza kupumua kwa shida, ameze kidonge cha mzio, akae, asubiri nusu saa, na hali ikizidi ndipo apelekwe hospitali.

Ndugu Mhariri, nusu saa hiyo mimi nimewahi kuikaa. Nitaeleza, maana naona ndiyo njia nyepesi ya kuonyesha seli masti zinavyoamshwa.

Nyuki aliwahi kuniuma mkono miaka mingi nyuma. Mkono ulivimba hadi kiwiko, ukauma siku mbili, nikasahau. Mwili haukusahau. Kuna protini katika sumu ya nyuki ambazo seli za kinga zilizibeba hadi kwenye tezi za limfu, zikazionyesha kwa seli nyingine, na mwisho wa mazungumzo hayo marefu zikatokea kingamwili, yaani protini za ulinzi, za aina inayoitwa IgE, zilizoumbwa kuitambua sumu ile. IgE ni kingamwili adimu kuliko zote katika damu, na ikiwa humo nusu yake hupotea kwa takriban siku mbili. Ungefikiri basi kumbukumbu yake ni fupi. Lakini seli masti ina vipokezi, yaani vishikizo juu ya utando wake, vinavyoing'ang'ania IgE kwa nguvu ya ajabu, na ikishanaswa hapo hukaa wiki nyingi. Seli moja inaweza kuwa na vipokezi hivyo makumi ya maelfu, hata laki kadhaa. Kwa hiyo wakati mimi naendelea na maisha yangu, kandokando ya mishipa ya damu, chini ya ngozi, katika kuta za njia ya hewa na za utumbo, mtego ulikuwa umeshategwa, na kila seli imevaa IgE kama manyoya.

Hili la kwamba kitu fulani cha damu hunasa kwenye ngozi na kusubiri lilionyeshwa kwa jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingelipitisha. Mwaka 1921 madaktari wawili, Carl Prausnitz na Heinz Küstner, walilifanya juu ya miili yao. Küstner alikuwa na mzio wa samaki; Prausnitz hakuwa nao. Prausnitz akadungwa maji ya damu ya mwenzake chini ya ngozi, na kesho yake akadungwa dondoo la samaki mahali palepale. Ngozi ikaumuka hapo hapo. Mzio wa mtu mmoja ulikuwa umehamia kwenye ngozi ya mwingine. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kukijua kitu hicho ni nini. Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, walikifikia mwaka 1966, na Waswidi wawili wa Uppsala, Gunnar Johansson na Hans Bennich, wakakifikia kwa njia nyingine karibu wakati huohuo. Jina IgE likakubaliwa mwaka 1968. Nilipoanza kazi lilikuwa bado linanukia upya.

Nirudi kwa nyuki. Mara ya pili nilikuwa naanua nguo. Akaniuma shingoni, chini ya sikio. Nikang'oa mwiba kwa ukucha, nikaendelea kukunja mashuka.

Kinachotokea katika dakika hizo ni hiki. Molekuli ya sumu inafika kwenye seli masti na kushika IgE. Ikishika moja, hakuna kinachotokea, na hapa ndipo ninapopapenda, maana ni kama mlango unaotaka funguo mbili. Ni lazima molekuli hiyohiyo ishike IgE mbili au zaidi zilizo jirani na kuzivuta pamoja, na vipokezi vyake visogeleane. Kusogeleana huko ndiko kunakowasha moto ndani: vimeng'enya, yaani protini za kuharakisha kazi za kikemia, viitwavyo Lyn na Syk vinaamka, vinaamsha vingine, kalsiamu inafurika ndani ya seli, na chembechembe zile za zambarau zinasukumwa hadi kwenye utando wa nje, zinaungana nao na kumwaga vilivyomo. Huanza ndani ya sekunde, na dakika chache zinatosha kumwaga. Niliwahi kuona vioo vya ngozi iliyochukuliwa baada ya mshtuko wa mzio kama huo: seli zimepauka, na chembechembe zimetapakaa nje yake kama changarawe.

Kinachomwagika kwanza ni histamini. Kwamba histamini ya mwili inatoka hasa kwenye seli hizi kulithibitishwa na James Riley na Geoffrey West huko Dundee, Uskochi, mwaka 1953. Hiyo ndiyo inayowasha ngozi, inayopanua mishipa midogo na kuifanya ivuje maji, na inayokaza misuli ya njia ya hewa. Pamoja nayo hutoka heparini, na vimeng'enya vya kukata protini, mashuhuri kati yavyo triptasi. Kisha, bila kupumzika, seli inaanza kutengeneza vingine papo hapo kutokana na mafuta ya utando wake: leukotrieni na prostaglandini; kwa kukaza njia ya hewa, leukotrieni huishinda histamini mbali. Na saa chache baadaye inatoa sitokini, ambazo ni ujumbe wa kuita seli nyingine zije. Ndiyo maana mtu anaweza kupona saa nane mchana na kuzidiwa tena saa mbili usiku.

Mimi nilihisi viganja kuwasha. Si shingo, viganja, kisha nyayo. Halafu tumbo likaanza kukaza. Nikamwita mkwe wangu, nikashangaa sauti yangu: ilikuwa nyembamba na inakwaruza, si yangu. Aliponitazama alisema, "Mama, mbona uso?" Miaka yote ile nimezitazama seli hizi zikiwa zimekufa na kupakwa rangi, sasa zilikuwa hai, zote kwa pamoja, na mimi ndani yake.

Mahali pa kwanza tulipofika, ambapo sitapataja kwa kuwa sina ugomvi napo tena, nilipewa kidonge na kuonyeshwa benchi. "Mama, ni mzio tu, subiri kifanye kazi." Nilisubiri. Mkwe wangu anasema zilikuwa dakika kama 20. Mimi nakumbuka ukuta uliopakwa kijani, na kwamba kila nilipojaribu kukaa wima ukuta ulikuwa unaondoka. Nikalala sakafuni. Mlinzi akaja kuninyanyua nikae kama mtu mzima, nikamkatalia kwa mkono. Hilo nalijua kwa kusoma, si kwa ujasiri: mishipa ikishapanuka na kuvuja, damu haina nguvu ya kupanda, na wapo waliokufa kwa sababu tu waliinuliwa ghafla. Anayebanwa pumzi anaweza kuketi, miguu imenyooshwa. Anayezimia alazwe, miguu iinuliwe. Na wote wasitembezwe.

Mahali pa pili, muuguzi kijana, nadhani hakuwa na miaka 25, aliniangalia mara moja, akanidunga adrenalini kwenye paja, upande wa nje, juu ya msuli, kabla hata ya kuandika jina langu. Baada ya dakika tano moyo ulikuwa unanidunda masikioni na mikono inatetemeka, lakini ukuta ulitulia. Akanidunga ya pili. Sauti yangu ilirudi kabla ya jua kuzama.

Kwa nini adrenalini na si kidonge? Kidonge cha mzio hukaa kwenye vipokezi vya histamini na kuizuia isiingie. Ni kizuri kwa upele na mwasho. Lakini hakiizuii seli kumwaga, hakigusi leukotrieni, hakipandishi presha iliyoanguka, na huchukua muda kufika. Adrenalini hukaza mishipa iliyolegea, hufungua njia ya hewa, huupa moyo nguvu, na zaidi ya yote huifikia seli masti yenyewe na kuipunguzia mwendo wa kumwaga. Kwa mtu mzima kipimo cha kawaida ni nusu miligramu kwenye msuli wa paja, na kikirudiwa baada ya dakika tano si ajabu. Hayo yamo katika miongozo ya mzio ya dunia nzima. Aya ile ya mwisho ya makala yenu iliandikwa kana kwamba hakuna miongozo.

Daktari wa zamu, aliposikia nimetoka maabara, alinifanyia jambo ambalo nadhani aliona litanifurahisha. Alichukua damu yangu saa moja na nusu baada ya kuumwa, akachukua tena kesho yake, akapima triptasi. Ya kwanza ilisoma nanogramu 28 kwa mililita, ya pili 6. Namba moja peke yake ingekuwa haisemi mengi, maana kila mtu ana kiwango chake cha kawaida. Tofauti ya hizo mbili ndiyo ushahidi kwamba seli masti zilimwaga. Nililala kitandani na karatasi ile kifuani. Nilijua nini kilinipata, kwa vipimo.

Sasa, mtu aliyepitia hayo angetarajiwa kukubaliana na mwandishi wenu kwamba seli hizi ni adui. Sikubaliani naye, na nitasema kwa nini.

Tazama zinapokaa. Hazizunguki katika damu. Huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, hutoka zikiwa changa, na hukomaa mahali zitakapoishi: ngozi, mapafu, utumbo, kandokando ya mishipa ya damu na ya fahamu. Yaani palepale ambapo nje inakutana na ndani. Seli nyingine nyingi za kinga huitwa eneo la tukio. Hizi zilikuwepo tangu mwanzo, na zina bohari iliyojaa. Mdudu akipenya, mvujo wa mishipa unaoleta uvimbe ndio unaofungua njia kwa askari na kingamwili kutoka kwenye damu. Ukifanyika sehemu ndogo ya ngozi, ni ulinzi. Ukifanyika mwili mzima kwa wakati mmoja, ni mimi sakafuni. Kazi ni ileile. Kilichozidi ni eneo.

Na si IgE pekee inayoziamsha, jambo ambalo makala haikuligusa kabisa. Zina vipokezi vya kutambua vipande vya bakteria moja kwa moja. Zina vipokezi vya vipande vya protini za damu vinavyokatika wakati kinga inapambana, vinaitwa C3a na C5a. Husikia neva pia, ambazo zikisumbuliwa hutoa dutu za kuziamsha. Kuna watu ambao ngozi yao ikikwaruzwa tu seli hizi humwaga: mwenzangu mmoja wa kazini ulikuwa unaweza kumwandika jina mkononi kwa ncha ya kalamu iliyofunikwa, na baada ya dakika chache jina linaumuka, linasomeka. Tulimfanyia mzaha huo mara nyingi kuliko alivyostahili. Wengine huamshwa na baridi.

Kisha kuna kipokezi kiitwacho MRGPRX2, ambacho mwaka 2015 kilionyeshwa kuwa ndicho kinachopokea dawa kadhaa za hospitali na kuiamsha seli bila IgE yoyote. Baadhi ya dawa za kulegeza misuli wakati wa upasuaji zimo humo, na baadhi ya viuavijasumu, vankomaisini mojawapo. Hili linaeleza kitu kilichotusumbua miaka mingi: mgonjwa anayepata mshtuko siku ya kwanza kabisa ya kukutana na dawa, wakati mtego wa IgE unahitaji kwanza kutegwa. Kwa hiyo ule msemo wa "siwezi kuwa na shida nayo, ni mara yangu ya kwanza" nausikia mara nyingi, na kila nikiusikia nakunja uso.

Halafu si kweli kwamba seli ikiamshwa hulipuka tu. Inaweza kutoa sitokini polepole bila kumwaga chembechembe hata moja, kutegemea imeguswa na nini. Na ikishamwaga haifi. Hukaa, hujijaza upya kwa siku na wiki, na kuendelea na kazi.

Ushahidi wa faida yake? Mwaka 1996 makundi mawili ya watafiti yalichapisha, katika toleo moja la jarida, matokeo yanayofanana: panya waliozaliwa bila seli masti walipopata maambukizi ya bakteria tumboni walikufa kwa wingi, na waliporudishiwa seli hizo wakawa na nafuu. Seli masti zilikuwa zinatoa sitokini iitwayo TNF, ambayo sehemu yake huwa akiba tayari ndani ya chembechembe, na hiyo ndiyo inayoziita neutrofili, zile seli nyeupe zinazokula bakteria. Bila mwitaji, walaji wanachelewa. Upande wa minyoo ya tumbo nako zina mkono: hufanya utumbo utoe ute na maji mengi na kusukuma kwa nguvu, mpaka minyoo iliyojishika inang'oka.

Lililonigusa zaidi, kwa sababu unazojua, ni la mwaka 2006. Watafiti waliwadunga panya sumu ya nyoka na ya nyuki. Waliokosa seli masti ndio walioumia zaidi. Kumbe kati ya vimeng'enya vinavyomwagwa kuna kimoja, kaboksipeptidasi A, kinachokata molekuli za sumu vipande. Na mwaka 2013 ikaonyeshwa kwamba panya waliokwisha kutengeneza IgE dhidi ya sumu ya nyuki walistahimili dozi kubwa kuliko wasiokuwa nayo. Kingamwili ileile iliyonilaza sakafuni! Nilisoma hayo nikiwa tayari nimestaafu, nikaweka karatasi chini, nikaenda kusimama dirishani. Mwili wangu ulikuwa unajaribu kuniondolea sumu, ukakosa kipimo.

Niwe mkweli kuhusu panya hao. Wengi waliotumika mwanzo walikosa seli masti kwa sababu ya hitilafu katika jeni iitwayo Kit, na jeni hiyo ina shughuli nyingine katika uboho, kwa hiyo panya walikuwa na kasoro zaidi ya moja. Baadaye walitengenezwa panya wa aina nyingine wasio na hitilafu hiyo, na baadhi ya sifa zilizokuwa zimepewa seli masti, hasa katika magonjwa ya kinga kuushambulia mwili wenyewe, zikapungua uzito. Mabishano yapo, na ni mabishano mazuri. Lakini kutoka hapo hadi "hazina kazi" ni mbali.

Kuhusu kinga dhaifu sitasema mengi. Mwenye mzio hana upungufu wa kinga. Ana kinga inayoitikia kitu ambacho ingepaswa kukiacha kipite. Kumwambia akaongeze kinga ni kumwambia mwenye redio inayopiga kelele aongeze sauti. Na wauzaji wa vitu hivyo mnawapa matangazo katika ukurasa uleule, jambo ambalo nawaachia nyinyi.

Ninachoomba ni masahihisho ya aya ya mwisho, yawekwe mahali ilipokaa makala yenyewe na kwa herufi za ukubwa uleule, si pembeni chini ya matangazo ya vifo. Yaseme wazi kwamba mtu anayevimba koo au midomo, anayebanwa pumzi, anayezimia, au anayetapika na kuwashwa mwili mzima baada ya kuumwa na mdudu, kula kitu au kupewa dawa, anahitaji adrenalini mara moja na hospitali mara moja, na kidonge kinaweza kufuata. Na akipata nafuu abaki chini ya uangalizi saa kadhaa, kwa ajili ya wimbi la pili nililolieleza.

La mlingoti naliacha kwa hiari yenu. Lakini mchoraji wenu ana mkono mzuri, na ningependa achore tena. Nilipostaafu niliruhusiwa kuondoka na vioo viwili vya kufundishia, vimo katika sanduku la miwani kwenye droo yangu, na hadubini ndogo ninayo. Zambarau imepauka kidogo, lakini bado inaonekana. Aje siku yoyote baada ya saa nne asubuhi achungulie mwenyewe. Macho ya hasira anaweza kuyabakiza, tanga tu ndilo nitakalomwomba aliondoe.

Wenu,
Mteknolojia mstaafu wa maabara